Lusani, desmodiamu, kaliandra au lusina: upande ipi Moshi na Arusha?

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa akianza kuulizia mikunde ya malisho, jina la kwanza kutajwa ni lusani. Sifa zake zimeenea. Lakini katika vihamba (mashamba ya nyumbani) vingi vya Kibosho, Machame, Uru na Marangu, na kwenye miteremko ya Meru kule Poli na Akheri, lusani ndiyo inayokufa mapema kuliko wenzake. Yenyewe haina kosa. Inadai udongo usio na tindikali na usiotuamisha maji, jua la siku nzima, na mtu wa kuipalilia. Kihamba chenye migomba, mikahawa na mvua ya masika hakitimizi hata nusu ya masharti hayo.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mimea, tazama shamba. Na kabla ya shamba, majina, maana hapa watu hununua wasichokusudia. Lusani ni majani ya kufika gotini au kiunoni, yenye maua ya zambarau. Lusina ni mti, wenye maua meupe ya mviringo na maganda bapa yanayoning'inia kwa vishada. Ukisimama dukani mbegu zenyewe zitakuambia: ya lusani ni ndogo kuliko punje ya ufuta, rangi ya manjano, umbo la figo, ya lusina ni bapa, ya kahawia, inang'aa, kubwa kama ukucha wa kidole kidogo. Ukiambiwa "hii ni lusina ya majani", fungua pakiti kwanza.

Shamba lako liko wapi?

Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini ni kati ya 800 na 900. Ukipanda kutoka Moshi kwenda Kibosho, mvua inaongezeka kila kilomita, na mvua hiyo hiyo imeosha chokaa kwenye udongo miaka na miaka, ndiyo maana huko juu udongo huelekea kwenye tindikali. Ukishuka kwenda Kahe, au upande wa Arumeru kwenda Mbuguni, mvua inapungua na udongo unageuka: sehemu nyingine una magadi, sehemu nyingine ni mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika.

Kuna vipimo viwili vya kufanya kabla ya kununua chochote. Cha kwanza ni cha maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache hadi kesho yake asubuhi. Ukikuta maji bado yapo, sahau lusani na kaliandra kwenye kipande hicho. Cha pili ni pH, yaani kiwango cha tindikali kwenye udongo. Chukua udongo sehemu kumi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi (isiwe ile ya mbolea), anika kivulini, peleka nusu kilo maabara. TARI Mlingano kule Tanga ndicho kituo cha taifa cha mambo ya udongo, na bwana shamba wa kata anaweza kukuelekeza maabara iliyo karibu zaidi. Bila namba ya pH, kununua mbegu ya lusani ni bahati nasibu.

Namba za msingi ni hizi, zikiwa bega kwa bega:

| | Desmodiamu | Lusani | Kaliandra | Lusina |
|---|---|---|---|---|
| Mvua kwa mwaka | mm 900 na zaidi | ya kumwagilia, au mvua iliyosambaa vizuri | mm 1,000 na zaidi | mm 600 na zaidi |
| pH ya udongo | 5 na kuendelea | 6.5 hadi 7.5 | huvumilia hadi 4.5 | 5.5 na kuendelea |
| Mbegu | kilo 1–2 kwa ekari | kilo 5–6 kwa ekari | gramu 100 kwa miche 500 | gramu 100 kwa miche 500 |
| Mkato wa kwanza | miezi 4 | wiki 10–12 | miezi 9–12 | miezi 8–12 |
| Mikato inayofuata | kila wiki 8 | kila wiki 5–6 | kila wiki 8–10 | kila wiki 8 |
| Urefu wa kuacha | sm 10–15 | sm 5–7 | sm 60–100 | sm 50–100 |
| Protini kwenye majani makavu | 15–20% | 18–22% | 20–25% | 20–25% |
| Hatari kuu | kuchelewa kushika | tumbo kujaa gesi | tanini | mimosini |

Usiisome safu ya protini peke yake. Kaliandra inaonekana kuishinda lusani, lakini sehemu ya protini yake imefungwa na tanini (kemikali ya ukakasi iliyomo kwenye majani) na ng'ombe haipati yote. Kwa mmeng'enyo, lusani haina mpinzani hapa. Ila protini ya mmea uliokufa shambani ni sifuri.

Desmodiamu: ya kihamba

Ziko mbili zinazopatikana kwa urahisi. Ya jani la fedha (Desmodium uncinatum) ina mchirizi mweupe unaofuata mshipa wa kati wa jani. Ya jani la kijani (Desmodium intortum) haina mchirizi huo. Ukiligeuza jani juani utaona madoa madogo ya wekundu wa kahawia upande wa juu. Ya fedha hutoa maua mapema, kwa hiyo ni rahisi kujivunia mbegu. Ya kijani huchelewa kutoa maua lakini ina majani mengi zaidi na huvumilia kivuli kidogo vizuri. Kwa anayetaka majani ya ng'ombe tu, chukua ya kijani. Zote mbili zina maganda yanayong'ang'ania nguo kama mashona nguo, na hiyo ndiyo dalili rahisi ya kuitambua kwa jirani.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba inaanza polepole sana. Gramu moja ya mbegu ya kijani ina mbegu zaidi ya 700. Mche unaotoka kwenye mbegu ya namna hiyo ni uzi. Kwa wiki tatu za kwanza unaweza kuapa kwamba haikuota. Wengi hulilima shamba upya na kupanda maharage, huku miche iko chini ya ndago.

Namna ya kuipanda kati ya matete (majani ya tembo):

Lainisha udongo kama wa kitalu cha nyanya, usiwe na mabonge. Mistari ya matete iwe mita moja kutoka mstari hadi mstari. Katikati ya kila nafasi, chora mfereji kwa ncha ya kijiti, kina kisizidi sentimita moja. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kikombe kimoja cha mbegu kwa vitatu vya mchanga, ndipo uimimine kwa vidole. Bila mchanga utamaliza kilo nzima kwenye mistari mitano. Fukia kwa kupitisha tawi lenye majani juu ya mfereji. Ukifukia kwa jembe, umeizika.

Wakati ni masika, kuanzia mvua zikishika katikati ya Machi hadi Aprili. Vuli inavutia kwa sababu kazi ni chache, lakini mche uliopandwa Novemba unakutana na jua la Januari na Februari ukiwa bado na mizizi ya kidole kimoja.

Weka fosfeti, kwa sababu vinundu vya mizizini, ambamo bakteria huutengenezea mmea naitrojeni, havifanyi kazi vizuri bila fosfeti. Hapa kuna jambo ambalo linawafaa watu wa juu: mbolea ya Minjingu, inayochimbwa kwa majirani zetu Manyara, huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, kwenye mistari, unatosha kuanzia. Kwenye udongo wa magadi wa tambarare Minjingu hukaa kama mchanga. Huko tumia TSP, mbolea ya fosfeti ya kiwandani.

Palilia wiki ya tatu na wiki ya sita au ya saba, kwa mkono ndani ya mstari na jembe katikati tu. Baada ya hapo desmodiamu inafunika ardhi na kazi ya kupalilia inaihamia yenyewe.

Kwa eneo dogo, vipando ni njia nzuri kuliko mbegu. Kata mashina yanayotambaa yaliyokomaa, sentimita 30, yenye vifundo vitatu au zaidi. Fukia vifundo viwili kwa kukilaza kipando mshazari, acha kimoja nje, kila baada ya sentimita 30. Fanya hivyo siku yenye mawingu, ardhi ikiwa imelowa, na vipando visikae juani wala kulala kwenye gunia usiku kucha. Jirani mwenye robo ekari anaweza kukugawia vya kutosha bila yeye kuona pengo.

Kosa linaloua desmodiamu iliyokwisha kushika ni mundu. Tumezoea kukata majani tukigusa ardhi. Lusani inavumilia kwa sababu inachipua kutoka kwenye shina la chini kabisa, pale linapokutana na mizizi. Desmodiamu inachipua kutoka kwenye macho yaliyo juu ya mashina. Ukiikata hadi chini, umekata pia machipukizi ya mwezi ujao. Acha sentimita 10 hadi 15, hata kama inaonekana kama kupoteza. Na mwaka wa kwanza mbuzi wasiingie.

Kosa la pili ni dogo lakini linaudhi: inapanda. Ikiwa karibu na mikahawa itaizunguka hadi juu. Acha mita nzima kati ya mstari wa mwisho na kahawa, na kila unapokata anza na ule ukingo.

Wakulima wa mahindi wana sababu ya ziada. Desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake hufukuza nondo wa funza wa mabua, na matete yaliyozunguka shamba huwavuta. Mbinu hiyo, inayoitwa sukuma-vuta, ilitengenezwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu huko Kenya, wakishirikiana na wa kituo cha Rothamsted, Uingereza. Kwa wenye shida ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, mizizi yake huichochea mbegu ya kiduha iote kisha huizuia kujishika kwenye mhindi, ikafa.

Kaliandra: ya mpakani

Kaliandra haishindanii ardhi na ndizi. Inakaa mpakani, kwenye makinga maji, juu ya ukingo wa barabara ya kuingilia. Faida yake kubwa ni mizizi ya kina: Februari, matete yakiwa njano, yenyewe bado ina jani. Kuni zake ni nzuri, na nyuki wanaipenda.

Hesabu inayotumika ni miti 500 kwa ng'ombe mmoja, ikimpa kilo 6 za majani mabichi kila siku mwaka mzima. Majaribio ya Embu, Kenya, miaka ya 1990, yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo miti 500 ni kama kilo 2 za chakula hicho kila siku. Mtu anayenunua chakula cha mfuko aifanye hesabu hiyo kwa bei ya dukani kwake.

Je, miti 500 inaenea? Kihamba cha nusu ekari, kikiwa mraba, kina kama mita 45 kila upande. Mzunguko mita 180. Ukipanda kila nusu mita, mpaka wote unachukua miti 360. Mia na arobaini iliyobaki inahitaji mita 70 za makinga maji, au mstari wa pili wa zigizaga upande mmoja na nusu wa mpaka. Inaenea, lakini jirani ashirikishwe kabla, maana kivuli cha mti usiokatwa kinaangukia migomba yake.

Kitalu kianze Desemba au mapema Januari, ili miche iwe tayari Aprili. Loweka mbegu kwenye maji ya kawaida saa 48, ukibadilisha maji mara moja, zinazoelea tupa. Jaza viriba kwa udongo wa juu sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Weka mbegu mbili kila kiriba, kina cha sentimita moja, na mche dhaifu ung'oe baadaye. Gramu 100 zinatosha viriba 600, na 600 ndiyo namba ya kulenga ukitaka 500 shambani. Wiki tatu za mwisho punguza kivuli na maji ili miche izoee shida. Miche iliyotoka kivulini moja kwa moja hadi mpakani ndiyo inayodondosha majani na watu kusema mbegu ilikuwa mbovu.

Usikate kabla ya miezi tisa, hata kama imekuzidi kimo. Ikifika, kata kwa panga kali, mshazari, kati ya goti na kiuno. Panga butu hupasua gome na kisiki huoza kutoka juu. Na usiipande chini ya kivuli kizito: itarefuka kama fimbo, majani machache kileleni.

Ng'ombe wengi huikataa siku za kwanza kwa sababu ya ukakasi wa tanini. Katakata pamoja na matete, anza na konzi mbili, nyunyizia pumba, ongeza kwa wiki mbili. Ilishe ikiwa mbichi. Ikikauka inameng'enywa vibaya zaidi. Ni kinyume kabisa cha lusani, na ndipo mwenye zote mbili huchanganyikiwa.

Lusani: ya mfereji na jua

Pahali pake ni tambarare yenye maji ya uhakika: mashamba ya mifereji chini ya Usa River na Kikwe, au mwenye kisima Boma Ng'ombe. Ekari iliyotunzwa inakatwa mara nane hadi kumi kwa mwaka na kudumu miaka mitatu hadi mitano. Hakuna nyingine kati ya hizi nne inayolipa hivyo.

Inavyokufa ni mfululizo unaojirudia. Mbegu inaota vizuri. Wiki ya sita majani yanakuwa manjano. Mkulima anaweka urea, yanarudi kijani mwezi mmoja, magugu nayo yananenepa, na mwisho wa mwaka kuna ndago yenye lusani ndani yake.

Tatizo lilikuwa mizizini. Lusani haishirikiani na bakteria yeyote tu. Ina wake mahususi, na udongo usiowahi kulimwa lusani huenda hauna. Dawa ya bakteria inayouzwa kwa ajili ya maharage au soya haisaidii hapa, uliza iliyoandikwa lusani. Paka mbegu kivulini kwa maji ya sukari na unga wa bakteria, panda siku hiyo hiyo, na usiichanganye na mbolea ya chumvichumvi kwenye ndoo moja. Ukikosa kabisa, debe mbili za udongo kutoka shamba la lusani lenye afya, zikinyunyizwa kwenye mistari jioni na kufukiwa, husaidia. Ila usichukue kwenye shamba lenye magonjwa.

Kujua kama imekubali, wiki ya nane chimbua mche mmoja kwa kijiko cha bustani, usivute. Suuza mizizi kwenye kopo la maji. Tafuta vinundu, kisha kipasue kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijivu, hakina kazi, na hapo unajua kwamba ukijani utaununua kwa urea kila mwezi. Kipimo hiki kinafaa kwa mikunde yote.

Mengine kwa haraka: mistari sentimita 25 hadi 30, kina sentimita moja na nusu, kitanda kilichosawazishwa ili maji yasisimame, kwa kuwa saa 48 za maji kusimama zikikutana na joto huozesha mizizi. Kata ikianza kutoa maua, mmea mmoja kwa kumi. Ukikata mapema kila mara kwa tamaa ya jani laini, unaimaliza akiba ya mizizi na mwaka wa pili shamba linakuwa na mapengo. Mbegu iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, na ichunguze: mbegu chafu ya lusani huja na ile mimea ya nyuzi za manjano isiyo na majani, inayojiviringisha na kunyonya. Ukiziona nyuzi hizo, kata eneo hilo na nusu mita pembeni yake, choma pale pale. Kuzivuta kwa mkono ni kuzisambaza.

Lusina: ya ukame, kwa kipimo

Kwa tambarare kavu isiyo na mfereji, lusina ndiyo iliyobaki. Ganda la mbegu ni gumu: chemsha maji, yaepue dakika tano, tumbukiza mbegu dakika tatu, kisha zihamishie kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Ukizichemsha motoni umepika. Mengine fanya kama kaliandra.

Ina mambo mawili ya kuangalia. Kuna mdudu mdogo wa manjano anayejaa kwenye machipukizi, aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 1992. Machipukizi yananata, yanakuwa meusi na kudumaa. Mti haufi, lakini mkato mmoja unapotea. Huku juu kwenye baridi, jamii ya Leucaena diversifolia inastahimili vizuri kuliko ile ya kawaida.

La pili ni sumu ya mimosini. Isizidi theluthi ya chakula cha ng'ombe au mbuzi. Akilishwa nyingi kwa muda mrefu, nywele za mkia hupukutika, shingo huvimba tezi na uzito hushuka. Sungura, nguruwe na punda ndio wanaoumia haraka, wasipewe zaidi ya konzi. Na usiache ikakomaza maganda, maana mbegu zikidondoka utakuwa na msitu ambao hukuupanda.

Kwenye kihori

Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani kama kilo 60 za matete mabichi. Matete machanga yana protini ya asilimia 8 hadi 10. Mabua ya mahindi ni 4 au 5. Lengo ni theluthi moja mikunde na theluthi mbili majani. Kwa vitendo: kilo 40 za matete na kilo 15 hadi 20 za desmodiamu, au kilo 45 za matete na kilo 10 hadi 15 za lusani iliyonyauka, au matete yake ya kawaida na kilo 6 za kaliandra.

Lusani haina tanini ya kutosha kuvunja povu tumboni, ndiyo maana inajaza gesi. Ikate baada ya umande kukauka, itandaze kivulini saa tatu hadi nne, na ng'ombe ale majani makavu kwanza. Wengine hupuuza kwa miezi bila kuona neno, kisha siku moja ya mvua ng'ombe mwenye njaa anapewa mzigo mbichi. Dalili ni ubavu wa kushoto kujaa na kugonga kama ngoma, kuhema, kukataa kulala. Mita sita za kamba za kumtembeza na mililita 300 za mafuta ya kula, akinyweshwa polepole kichwa kikiwa sawa na mgongo, si juu, hununua muda wakati daktari wa mifugo anakuja. Usimwinue kichwa kama anayekunywa soda. Mafuta yataingia mapafuni. Desmodiamu na kaliandra hazina shida hii.

Ungekuwa wewe

Nusu ekari Kibosho, ng'ombe mmoja au wawili: kaliandra mpakani, desmodiamu ya kijani kati ya matete, lusani hata usiulize. Anza na desmodiamu masika hii huku kitalu cha kaliandra kikisubiri mwaka ujao, kwa sababu kuhudumia miche 600 na kupalilia nyuzi za desmodiamu mwezi mmoja ni kazi ya watu wawili.

Ekari moja Kikwe yenye zamu ya maji kila wiki: lusani robo ekari tu mwaka wa kwanza, upime mikono yako kabla ya kupanua. Zamu ikiwa ya wiki tatu, lusina pembezoni.

Tengeru ni katikati, na ndipo uchaguzi mgumu. Zote nne zinaweza kuota. Hapo angalia nani atakata. Kama ni mtu mmoja mwenye mundu kila asubuhi, desmodiamu. Kama hakuna wa kupalilia miezi mitatu ya kwanza, kaliandra. Chuo cha mifugo cha LITA kiko hapo hapo Tengeru, na TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana kituo West Kilimanjaro. Nenda ukaone mmea ukiwa hai kabla ya kuulipia.

Na kama kipande ni cha kukodi msimu kwa msimu, kama yalivyo mashamba mengi ya tambarare, yote manne yaache. Mwenye shamba atavuna mwaka wa pili. Panda ngwara na mahindi: punje unauza, majani yanakwenda kwa ng'ombe, na masika ikiisha hudaiwi kitu.